Nilifika gatini Alhamisi, kivuko kilikuwa kimeondoka jana

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 48, mwalimu wa historia, na kwa miaka kumi hivi likizo zangu nimezitumia kutembelea miji ya kale iliyo kando ya bahari. Sizungumzii ile inayojulikana na kila mtu, ambako watu hupanga foleni ili wapige picha ya mlango mmoja. Ninayoipenda ni midogo, iliyowahi kuwa na watawala wake, forodha yake na vyombo vya kila taifa bandarini, kisha biashara ikahamia kwingine na mji ukabaki na kuta zake. Nasafiri bila wakala: chumba natafuta mwenyewe, napanda mabasi ya kawaida, na njia naiuliza nikiwa njiani. Mwenzangu katika safari hizi ni mdogo wangu wa kike, ambaye ananizidi ucheshi na uvumilivu, au niseme alinizidi uvumilivu mpaka mwaka jana.

Mwaka jana nilipanga twende kwenye mji mmoja ulio kisiwani, ambao sitautaja jina kwa sababu wenyeji wake hawakunikosea kitu. Nilikuwa nimesoma kila nilichokipata juu yake. Nilijua nani alijenga ngome, nani aliibomoa na nani aliijenga tena. Katika siku kumi nilikuwa nimepanga miji mitano, na huo ulikuwa wa tatu. Tulifika gatini Alhamisi mchana, baada ya saa saba ndani ya basi. Hapakuwa na chombo wala abiria, ila mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu kivulini, na ukutani pametundikwa ubao mweusi ambao mtu alikuwa ameuandika kwa chaki siku tatu: Jumatatu, Jumatano, Jumamosi. Mdogo wangu aliusoma ule ubao, akaniangalia, akakaa juu ya begi lake bila kusema neno.

Tulilala siku mbili katika mji wa upande wa bara, kwenye chumba ambacho nadhani picha zake zilipigwa kabla paa halijaanza kuvuja. Mashine ya kutolea fedha ilikuwa moja, nayo haikuwa na fedha, kwa hiyo tulikula kwa kuhesabu. Jumamosi tulivuka, tukakuta makumbusho yamefungwa mpaka Jumanne, na kwa kuwa chombo cha kurudi kilikuwa Jumatatu alfajiri, ngome niliyoisoma kwa miezi minne niliiona kwa nje. Miji miwili iliyobaki tuliifuta.

Mwaka huu nimepata likizo ya siku 14 na moyo wangu uko kule kule. Mdogo wangu anasema atakuja kwa sharti moja, kwamba tununue safari iliyokwisha kupangwa na wakala, twende kwenye mji mkubwa wenye jina, wenye hoteli na uwanja wa ndege. Aliniambia hivi: "Dada, nikitaka kuteseka nitateseka nyumbani, tiketi ya nini?" Sikuwa na jibu.

Naomba unisaidie. Kosa lilikuwa langu, au ndivyo ilivyo miji hii? Mtu hupataje habari za kuaminika kuhusu mahali ambapo vitabu vya wasafiri vinapatengea nusu ukurasa? Na mdogo wangu nimkubalie, nimwache niende peke yangu, au kuna njia nyingine?

Wako,
Mwalimu asiyeingia ngomeni

*

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nikihesabu siku kwa vidole. Kosa lilikuwa lako, lakini ni dogo kuliko unavyodhani, na mdogo wako bado hajalitaja kwa jina lake. Uliipanga safari kwa ramani. Uliiona miji mitano imejipanga pwani kama shanga, umbali baina yao si mkubwa, ukagawa siku kumi kwa tano na hesabu ikatoka bila baki. Mji mkubwa huvumilia hesabu ya namna hiyo kwa sababu mabasi ni mengi, ndege ni nyingi, na mashine moja ikikosa fedha unavuka barabara kwenda kwenye nyingine. Ukikosea saa mbili, unapoteza saa mbili. Katika mji mdogo, ukikosea siku moja unapoteza tatu, kama wewe ulivyopoteza. Huko safari hupangwa kwa kalenda kwanza, na ramani hufuata nyuma.

Jambo hili unalifundisha mwenyewe darasani, ila nadhani hukuliona linakuhusu. Ibn Battuta, yule msafiri wa Kimoroko, alipofika Kilwa mwaka 1331, alifika kwa pepo za msimu kama kila mtu wa zama zake. Vyombo viliteremka kusini kwa kaskazi, vikarudi kwa kusi, na aliyechelewa upepo alikaa ugenini miezi kadhaa, akaoa, akajenga, na hivyo ndivyo mji ulivyopata wakazi. Mfanyabiashara wa wakati ule alijua upepo unageuka lini kabla ya kujua bei ya dhahabu. Sisi tumepata injini na lami, tukasahau kwamba gati ni lile lile na bahari ni ile ile.

Bahari ina kalenda mbili, na zote mbili unaweza kuzisoma ukiwa kitini kwako miezi sita kabla. Ya kwanza ni ya mwaka. Chukua Sri Lanka, nchi ambayo wengi huamini ina msimu mmoja wa wageni. Upande wa kusini magharibi uko Galle, mji wenye ngome ambayo Waholanzi waliwanyang'anya Wareno mwaka 1640, na kuanzia Mei hadi Septemba pepo za kusini magharibi huivuruga bahari ya huko. Miezi hiyo hiyo, upande wa pili wa kisiwa, Trincomalee hutulia, na ngome yake iliyo juu ya jabali linaloingia baharini hutembeleka bila kulowa. Kuanzia Desemba hali hugeuka. Mtu aliyesoma tu kwamba "Julai ni msimu wa mvua" hatakwenda kabisa, na aliyesoma kwa makini atakwenda upande unaofaa na kuwakuta wageni wachache. Essaouira ya Moroko, mji wa karne ya 18 uliochorwa kwa mistari iliyonyooka kama daftari la hesabu, hupigwa na upepo mkali zaidi katika miezi ya kiangazi, kiasi kwamba anayekwenda kwa ajili ya kuta hufurahi na anayekwenda kulala mchangani hula mchanga. Na kwenye kusini magharibi ya Bahari ya Hindi, kati ya Novemba na Aprili, ni majira ya vimbunga. Machi 2022 kimbunga Gombe kilitua wilaya ya Mossuril nchini Msumbiji, ng'ambo tu ya kisiwa ambacho nitakutajia hapo chini. Hayo si matukio ya kubahatisha kwa maana ya majira yake. Siku haijulikani, lakini miezi inajulikana.

Kalenda ya pili ni ya mwezi, na hii ndiyo wanaoisahau hata wasafiri wazoefu. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Maana yake ni kwamba saa ile ile ambayo leo chombo kinaelea kando ya gati, baada ya wiki moja kinaweza kuwa kimelala ubavu kwenye tope. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja maji ya bamvua, ambayo hujaa sana na kupwa sana; katikati huja maji mafu, ambayo tofauti yake ni ndogo. Kwa mtu anayetaka kuvuka kwenda kisiwani kwa chombo kidogo, kutua ufukweni palipo na matumbawe au kutembea mpaka kwenye gofu lililo ukingoni mwa maji, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atafika na viatu vikavu, atafika akiwa ameshikilia suruali magotini, au hatafika.

Uingereza kuna kisiwa cha Lindisfarne, palipokuwa na monasteri ambayo bila shaka umewasimulia wanafunzi wako jinsi Waviking, wale mabaharia wavamizi wa Skandinavia, walivyoishambulia mwaka 793. Barabara inayokiunga na bara hufunikwa na maji mara mbili kila siku. Saa za kuvuka salama hutangazwa mapema, zimebandikwa pia penye kuingilia, na hata hivyo magari huzama kila mara, mpaka kikajengwa kibanda juu ya nguzo cha kuwahifadhi waliochelewa. Hawa si watu wasiojua kusoma. Ni watu walioangalia saa ya mkononi na kujisemea kwamba dakika kumi haziwezi kudhuru. Paraty, mji wa kale wa pwani ya Brazili, ulifanya mapatano na jambo hilo hilo kwa namna ya kupendeza zaidi: mitaa yake ya mawe iko chini kiasi kwamba maji ya bamvua huingia, yakaiosha, yakatoka. Aliyefika wakati wa mwezi mpevu atakuta nyumba zinajitazama kwenye maji. Aliyefika wiki moja baadaye atakuta mawe makavu na atashangaa picha zilipigwa wapi.

Kwa hiyo kabla hujagusa tiketi, chukua karatasi moja, andika siku zako 14 kwa mstari, na juu ya kila siku weka mwezi ulivyo, siku ya chombo, na siku ambayo milango hufungwa. Hiyo ya milango sitaikawiza. Makumbusho mengi ya Italia, Uhispania na Ureno hufungwa Jumatatu, ya taifa huko Ufaransa mengi hufungwa Jumanne, na katika nchi nyingi za Kiarabu ofisi za serikali hazifunguliwi Ijumaa. Ramadhani hubadili saa za kazi, nayo huja mapema kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo habari za mtu aliyekwenda miaka mitatu iliyopita katika mwezi ule ule hazikufai tena. Ngome yako ilifungwa kwa kalenda ambayo ungeweza kuiuliza kwa simu moja.

Hapo nimefika kwenye swali lako la habari, ambalo ndilo bora kuliko yote matatu.

Unalalamika kwamba mahali hapa pana nusu ukurasa. Nusu ukurasa ni nyingi kama ni ya mwaka huu. Ulichokuwa nacho wewe kilikuwa historia ya miaka mia tano na si habari hata moja ya wiki ile. Kwa historia, wala hukuhitaji kuhangaika: UNESCO huweka wazi faili za maeneo ya Urithi wa Dunia, zikiwa na ramani za mitaa, majina ya majengo na hali ya kuta, na zaidi ya hapo ipo orodha ya awali ya maeneo ambayo kila nchi inakusudia kuyapendekeza. Orodha hiyo ya awali ndiyo hazina ya mtu kama wewe, kwa sababu imejaa miji ya pwani ambayo bado mabasi makubwa ya watalii hayajaigundua. Isome, lakini usiichanganye na ratiba.

Habari za wiki huwa kwa watu, na huuzwa kwa swali lililoulizwa vizuri. Usimwandikie mwenye nyumba ya wageni ukamwuliza, "Je, ni rahisi kufika?" Atakujibu ndiyo, na hatakuwa amesema uongo, kwa kuwa kwake yeye ni rahisi. Mwulize: "Wageni wako wa mwisho waliofika bila gari lao walikuja siku gani, kwa chombo gani, na kiliondoka wapi?" Jibu la swali hilo haliwezi kupambwa. Mwombe picha ya chumba iliyopigwa leo, dirisha likiwa wazi, anayekataa amekujibu. Mwulize mashine ya fedha iko wapi na mara ya mwisho alitoa fedha lini. Kisha waulize mambo hayo hayo watu wawili wengine wasiojuana naye, mmoja wa ofisi ya makumbusho na mwingine wa upande wa gati, na majibu yakitofautiana amini la anayepanda chombo. Maoni ya wasafiri waliotangulia yasome kwa tarehe, ya karibuni kwanza, na yaliyopita miaka miwili yachukue kama historia.

Neno moja kuhusu mawakala, kwa sababu nasikia kiburi kidogo kwenye barua yako. Kusafiri peke yako hakumaanishi kukataa kila mkono. Ukienda Kilwa Kisiwani, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, kibali hutafutwa upande wa bara, Kilwa Masoko, kabla ya kuvuka, na mwongozaji huandamana nawe. Mtu huyo kwa nusu siku atakuonyesha birika, kisima na mihrabu ambavyo ungepita kando yake bila kuviona, kwa sababu magofu hayajibandiki majina. Mchukue kwa moyo mweupe, umlipe bila kuvutana. Wakala naye ana mahali pake: panapohitaji chombo cha kukodi kwenye bahari ya wazi, au hati ambazo hutolewa kwa kampuni tu. Usichokihitaji kwake ni kuchaguliwa saa ya kuamka. Na kama serikali yako imeshauri watu wasiende eneo fulani, soma ushauri huo kabla ya kulipa chochote, kwa kuwa bima nyingi za safari hujitoa mtu akiupuuza.

Sasa ile miji mitano. Ifanye miwili. Najua unaumia, lakini ngoja nikuoneshe kisiwa nilichokuahidi, yaani Kisiwa cha Msumbiji, uone mji mmoja mdogo unavyoweza kukumalizia siku nne. Urefu wake ni kilomita 3 hivi, na upana wake haufiki kilomita moja popote. Ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wareno katika Afrika ya Mashariki mpaka 1898, na leo unafikika kwa daraja jembamba la zaidi ya kilomita 3. Mgeni wa siku moja huvuka, akaiona ngome ya São Sebastião iliyoanza kujengwa mwaka 1558, akapiga picha ya kanisa dogo la 1522 kwenye ncha ya kaskazini, akala, akaondoka. Anayelala huanza kuona siku ya pili. Huona kwamba nusu ya kaskazini ni ya nyumba za mawe zilizosimama juu, na nusu ya kusini, wanakoishi wakazi wengi, iko chini, paa zake nyingi zikiwa karibu usawa wa barabara, kiasi kwamba ukisimama njiani unatazama juu ya mapaa ya watu. Siku ya tatu atauliza kwa nini, na ataambiwa: mawe ya matumbawe yaliyojenga nyumba za kaskazini yalichimbwa huku. Jirani mmoja anaishi ndani ya jiwe, na mwingine ndani ya shimo lilikotoka jiwe hilo. Hapana maelezo ya ukutani yatakayokufundisha hivyo kama miguu inavyofundisha, na kwa mwalimu wa historia nadhani hilo linashinda miji mitatu ya kupita.

Kuna faida nyingine ya kulala. Wageni wa siku moja kwa kawaida huingia kwenye saa nne asubuhi na kuondoka kwenye saa kumi jioni. Asubuhi kabla yao na magharibi baada yao mji hurudi kwa wenyewe, na ndipo anayejua historia ya mtaa hukaa barazani. Asubuhi ni pia wakati wa kupanda vyombo vidogo: kadiri jua linavyopanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, upepo huanza kuvuta kutoka baharini, na alasiri mawimbi huwa mengine kabisa. Chombo kisicho na jaketi la kujiokolea kwa kila abiria, au kilichojazwa mpaka maji yanachungulia ukingoni, usikipande hata kama ndicho cha mwisho. Hasa kikiwa cha mwisho, kwa sababu ndicho kinachojazwa.

Mdogo wako namwunga mkono zaidi ya unavyotarajia. Hakukataa magofu; alikataa kukaa juu ya begi. Huyo ni mtu aliyekufuata miaka kumi kwenye mambo uliyoyachagua wewe, akalala palipochaguliwa na wewe, na siku mpango ulipovunjika hakuwa na la kuamua hata moja. Ukienda peke yako mwaka huu utapata ngome na utampoteza msafiri mwenza, na sidhani unapata mwingine atakayekaa kimya mbele ya ule ubao. Mkabidhi malazi yote. Achague yeye, awaulize yeye wenye nyumba, na hata kitanda usipokipenda, usiseme kitu.

Kisha mpe mji wake mkubwa, lakini uweke mwishoni. Hapa ndipo pana ile njia nyingine uliyoiulizia. Zipo pwani ambako mji wenye jina na mji usio na jina inapakana, na hamhitaji kuchagua mmoja. Kroatia ni mfano mzuri: Split ina kila anachokitaka yeye, na uwanja wake wa ndege uko jirani na Trogir, mji wa kale ulio juu ya kisiwa kidogo kilichounganishwa kwa madaraja, yaani kisiwa kisichohitaji kivuko. Mbele kidogo, kwa mwendo wa basi usiozidi saa mbili, iko Šibenik, yenye kanisa kuu lililojengwa kwa mawe matupu kati ya 1431 na 1535. Nje ya kanisa hilo umezunguka mstari wa nyuso 71 za mawe, wanaume, wanawake na watoto, kila mmoja na sura yake. Mmoja anaonekana amechoka, mwingine kama anataka kubisha. Mdogo wako, kwa ucheshi unaomsifia, atazifurahia kuliko wewe.

Nasema mji mkubwa uwe mwisho kwa sababu ya hesabu, si kwa kumfunza subira. Mji mgumu ukiutanguliza, kivuko kikikuchelewesheni siku mbili, siku hizo mtazikata kwenye mji unaokubali kukatwa, na ndege ya kurudi hamtaikosa. Ukiutanguliza mji mkubwa, kila kikwazo cha baadaye kinagusa tiketi ya nyumbani. Siku 14 zako naziona hivi: 2 za kwenda na kurudi, 5 za mji mdogo wa kwanza, 1 ya njiani, 2 ambazo hazina jina na zisipewe jina mpaka zitakapohitajika, na 4 za mji wa mdogo wako. Mji mdogo wa pili uwe ule unaofikika kwa basi la asubuhi kutoka mji mkubwa, ili msihamishe mabegi. Fedha taslimu za siku nne mzigawe baina yenu wawili kabla ya kuingia mji mdogo, ramani zihifadhiwe kwenye simu kabla mtandao haujakatika, na mtu mmoja nyumbani awe na nakala ya ile karatasi ya siku 14.

Umeniuliza kama urudi kwenye kisiwa kile kile. Hukuniuliza waziwazi, lakini umesema moyo uko kule, na umejiita asiyeingia ngomeni. Rudi, na kiwe ndicho mji mgumu wa kwanza. Siku za chombo tayari unazijua, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, ingawa usiziamini mpaka uthibitishe kwa sababu chaki hufutika. Makumbusho hufunguliwa Jumanne. Vukeni basi Jumatatu, Jumanne asubuhi muwe mlangoni mwa ngome, mkae mpaka Jumamosi. Wiki hii, kabla hujamwambia mdogo wako chochote, piga simu makumbusho uwaulize kama Jumanne bado ni Jumanne, kisha umtafute mtu wa gatini umwulize chombo cha Jumamosi kinarudi saa ngapi maji yakiwa yamekupwa.